Chupa Mbili za Maharage

Asubuhi ile mama mwenye nyumba wangu hakusubiri nimalize uji. Alisimama mlangoni, kanga yake imelowa ukungu, akaniambia, "Mwalimu, njoo mara moja ghalani. Njiani usiniulize kitu."

Nikamfuata. Julai ya Mgwashi, kijiji hiki cha milimani, ilikuwa bado inanionea. Mimi nilitoka Tanga mjini, nikapangiwa shule ya msingi huku juu, na kila siku nilivaa masweta mawili huku wanafunzi wangu wakitembea pekupeku kwenye umande kama hawajui baridi ni nini. Ukungu ulipanda kutoka bondeni alfajiri, ukakaa juu ya mapaa mpaka karibu na adhuhuri. Jua tulilisikia tu kwa watu waliopanda kutoka Mombo kule chini.

Mama huyu alikuwa mtunza ghala wa kijiji. Alikuwa mjane, wa umri wa kunizaa, na nyumba aliyonipangisha chumba ilikuwa kwenye ardhi aliyogawiwa na kijiji. Ufunguo wa ghala aliuvaa shingoni kwa kamba ya katani, na haukuwepo mwingine. Alifungua, tukaingia, akarudishia mlango, kisha akainua pembe ya turubai.

Chini ya turubai ilikuwa mbegu yote ya kijiji. Lundo la maharage lilinifika kifuani, mekundu na ya njano na ya madoadoa, yamechanganyika. Alipandisha mkono wa gauni, akauzamisha mkono wake lundoni mpaka kiwikoni.

"Weka na wewe."

Nikaweka. Juu palikuwa na ubaridi wa kawaida. Kiganja kilipoendelea kuzama nikakutana na joto, na kadiri nilivyosukuma ndivyo lilivyozidi. Lilikuwa joto la kwapa la mtoto mwenye homa. Nilipoutoa mkono ulikuwa na unyevu, na ulinukia utamu kidogo, kama togwa iliyoanza kuchacha.

"Jana lilikuwa vuguvugu," alisema. "Nikadhani ni mkono wangu tu. Leo nimeona hapana."

"Mama, kuna mtu mwingine anajua?"

"Nani nimwambie? Si mimi niliyesema mkutanini?"

Hapo nikaelewa kwa nini aliniita mimi kwanza, badala ya kwenda kwa mwenyekiti.

Ilikuwa hivi. Watu wa huku walihifadhi mbegu kwenye uchaga, ile dari ya fito iliyo juu ya meko. Kila moto wa ugali na kila moshi wa chai ulipita kwenye maharage, ukayakausha polepole mpaka ukiyamwaga kwenye sinia yanalia kama kokoto. Kila mama alikuwa na uchaga wake na mbegu yake. Lakini kijiji kilikuwa kimeshaanza shamba la pamoja, na njaa iliyotuletea unga wa yanga, ule wa njano wa msaada, ilikuwa haijasahaulika, kwa hiyo likaja agizo kwamba mbegu ya vuli ikusanywe mahali pamoja, kila kaya debe moja, kabla ya sherehe za Saba Saba. Wazo lenyewe halikuwa baya. Waliokuwa wamekula mbegu yao wakati wa njaa wangepata ya kupanda kutoka kwa wenzao. Katika mkutano ule ni mtu mmoja tu aliyenyoosha mkono kupinga, naye alikuwa mama mwenye nyumba wangu. Alisema mbegu ikae kwenye uchaga mpaka ikauke vizuri, ndipo iletwe. Mwenyekiti akamjibu mbele ya watu wote kwamba kuna watu bado wanapenda kulala na mali yao kitandani. Watu wakacheka. Kisha, pengine ili kumfunga mdomo, wakamchagua yeye kuwa mtunza ghala.

Kwa hiyo maharage yakiharibika, mtu wa kulaumiwa alikuwa ameshapatikana.

Tulichota maharage kutoka ndani ya lundo, pale penye joto, tukayaweka kwenye kikapu ili tukayaangalie nyumbani kwenye mwanga. Tulikubaliana kwamba mchana atamwambia mwenyekiti, na mimi nitakwenda naye kumshauri yaanikwe haraka. Hatukuwahi. Saa tano, nikiwa darasani, nilisikia kelele upande wa ghala. Mtu mmoja alikuwa amefunguliwa mlango achukue jembe, akasikia harufu, akaweka mkono, akatoka mbio.

Nilipofika, mwenyekiti alikuwa amesimama mlangoni na ufunguo mkononi. Kamba ya katani ilikuwa imekatika. Mama mwenye nyumba alisimama pembeni akishika shingo yake.

"Moto uko wapi?" mwenyekiti alikuwa anauliza. "Nionyesheni moto! Hakuna kaa, hakuna jivu, hakuna jua. Maharage yanachemka yenyewe? Mmeshawahi kuona?"

"Hiyo ni dawa," mtu akasema nyuma.

"Au amemwagia maji ya moto."

"Maji ya moto yangepoa, wewe. Hiyo ni dawa."

"Ndugu mwenyekiti," nilisema, "shikamoo. Naomba tuyatoe nje sasa hivi tuyatandaze. Hakuna aliyeweka kitu. Maharage yenyewe ndiyo yanayotoa joto."

Alinitazama kwa huruma kabisa. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa ameahidi wakubwa wake mbegu, na mbegu ilikuwa inampotea machoni.

"Marahaba, mwalimu. Wewe unakaa kwake, unakula kwake. Nakuelewa. Lakini hapa hakuna kugusa kitu. Ijumaa anakuja katibu kata na mgambo. Atakuta ushahidi kama ulivyo. Kama ni hujuma, huyu mama atashuka nao Lushoto."

Akafunga kufuli, akaondoka na ufunguo.

Nilibaki pale nikitazama kufuli. Kilichonitia hofu ni kwamba ushahidi ule ulikuwa unajipika. Kila saa ambayo mlango ungebaki umefungwa, joto lingezidi. Na nilijua kwa nini, ingawa hakuna aliyenisikiliza. Ngoja nieleze, kwa sababu bila hilo mengine hayataeleweka.

Chuoni, miaka michache kabla, mkufunzi wetu alituwekea chini ya hadubini jani la gugu la majini. Nilitegemea kuona kitu kimetulia, kama ukuta wa matofali ya kijani. Niliona vyumba vidogovidogo, na ndani ya kila chumba punje za kijani zilikuwa zinazunguka. Zilitembea kwa kufuatana kando ya ukuta, zikageuka kwenye kona, zikarudi, kama watu wanaozunguka soko la Lushoto siku ya gulio. Niliuliza ni nani anayezisukuma. Mkufunzi hakujibu. Alidondosha tone la dawa inayoizuia seli isitumie chakula chake, akaniambia niendelee kutazama. Punje zikapunguza mwendo. Zikajikokota. Zikasimama. Jani lilikuwa bado la kijani, limejaa chakula, lakini kila kitu ndani yake kilikuwa kimeganda mahali pake.

Ni jambo la ajabu kidogo, lakini ukilitazama kwa jicho la mtu wa jikoni ni rahisi. Ndani ya seli hamna maji matupu. Pamejaa vitu, pazito kama uji. Uji unaokorogwa hutiririka, na vilivyomo hukutana na kuachana. Ukiuacha hukaza. Kinachoikoroga seli ni nguvu inayotoka kwenye chakula chake yenyewe. Seli huvunja chakula hicho kidogokidogo, si kwa mkupuo kama kuni, na nguvu inayopatikana huifunga katika vifurushi vidogo sana. Siku zile nilipenda kuwafananishia watoto na kaa la moto. Huku mama akikosa kiberiti alimwendea jirani na kigae cha chungu, akapewa kaa moja, akalibeba mpaka kwenye meko yake. Ndani ya seli makaa ya aina hiyo hubebwa wakati wote, hili kwenda kujenga, hili kwenda kusafirisha, hili kwenda kusukuma maji na chumvi kutoka upande huu wa ukuta kwenda ule. Na kama meko yanavyotia joto chumba kizima hata kama ulitaka kuivisha ugali tu, ndivyo kila kazi ya seli inavyovujisha joto kidogo.

Harage kavu limelala. Ndani yake ni pakavu, uji umekaza, makaa hayatembei. Linaweza kulala hivyo msimu mzima bila kula akiba yake. Lilowanishe, na litaamka. Litapumua, litakula akiba, litatoa joto. Harage moja likiwa peke yake hutoa joto dogo mno, nalo hupotea hewani. Lakini lundo likinifika kifuani, na turubai juu, lile joto linapita wapi? Linabaki. Na joto hulifanya harage lipumue kwa kasi zaidi, na kupumua kunaleta joto zaidi, na unyevu zaidi, na ukungu mweupe nao unaota na kuongeza joto lake. Mwishowe sehemu zile laini za ndani ya seli zinakaza kama ute wa yai kwenye kikaango. Hapo makaa hayatabebwa tena kamwe.

Hayo nilikuwa nayajua. Kilichobaki ni kumfanya mwenyekiti ayaamini kabla ya Ijumaa, au angalau siku ya Ijumaa yenyewe.

Jioni nilikwenda nyumbani kwake. Mkewe alikuwa uani anachambua mboga.

"Karibu mwalimu. Umekuja kumwombea mwenzio?"

"Nimekuja kuazima chupa ya chai."

Alicheka mpaka mboga zikamwanguka. Mwenyekiti akatoka ndani.

Niliweka mbele yake kikapu chenye maharage tuliyochota asubuhi, na chupa yangu mwenyewe ya chai. Nilimwambia ninachotaka. Nusu ya maharage yale nitayachemsha mbele ya mkewe, kwenye meko yake, mpaka yafe kabisa, kisha tutayaacha yapoe. Nusu nyingine nitayaacha mabichi. Yote nitayasuuza kwa dawa ya vidonda niliyopewa zahanati, ili uozo wa nje usituchanganye. Haya kwenye chupa hii, yale kwenye ile. Midomo tutaziba kwa pamba badala ya kizibo, maana kilicho hai kinahitaji hewa. Kisha chupa zote mbili zikae kwake, kwenye kabati lake, chini ya kufuli lake. Zifunguliwe Ijumaa mbele ya watu.

"Na kitatokea nini?"

"Yaliyochemshwa yatakuwa baridi. Mabichi yatakuwa yamepata joto. Bila moto, bila dawa, ndani ya nyumba yako mwenyewe."

"Yasipopata?"

Jaribio lile nilikuwa nimeliona kwenye ubao tu, limechorwa kwa chaki. Tena maharage yenyewe yalitoka katikati ya lundo, penye joto kali. Huenda yalikuwa yameshakufa kabla hatujayachota. Yangekuwa yamekufa, chupa zote mbili zingekuwa baridi, na mimi ndiye ningekuwa nimempa katibu kata ushahidi wa kumchukulia mama mwenye nyumba wangu.

"Yasipopata," nilisema, "nitakuwa nimekosea."

Mwenyekiti alifikiri. "Haya. Weka. Lakini nitakuwa nalala na ufunguo."

"Na mimi nitakunywa chai kwenye nini siku zote hizo?" mkewe akauliza.

"Kunywa maji."

Siku zilizofuata zilikuwa mbaya. Kila nilipokwenda shule nilipitia ghala. Mapaa yote ya mabati yalikuwa na umande mweupe asubuhi, ila la ghala lilikuwa limekauka, na kwenye upenyo wa ukuta na paa ulitoka mvuke mwembamba kama wa sufuria iliyofunikwa vibaya. Niliomba tena mlango ufunguliwe. Nikajibiwa Ijumaa. Watoto walipita mbali na ghala, na walipopita nyumbani kwetu walikimbia. Mama mmoja aliyezoea kuja kuomba kaa la moto alipeleka kigae chake nyumba ya pili.

Mwenye nyumba wangu hakulia wala hakulalamika. Alisugua vyombo vyake vyote kwa majivu, akavipanga. Akafua. Nilipomkuta anakunja nguo kwenye kikapu nikamuuliza anafanya nini.

"Mgambo hawasubiri mtu akunje nguo," alisema. "Kuku utawalisha?"

"Mama, hutakwenda popote."

"Kuku utawalisha au hutawalisha?"

"Nitawalisha."

"Yule mwekundu anataga chini ya kitanda chako. Usimfukuze."

Usiku sikupata usingizi, na nadhani yeye pia.

Ijumaa watu walitoka msikitini wakaja moja kwa moja kwenye uwanja wa ghala. Mvua ile ya huku isiyonyesha wala kukatika ilikuwa inaning'inia hewani. Katibu kata alikuwa ameshafika na mgambo wawili, viatu vyao vimejaa tope jekundu. Mama mwenye nyumba wangu alikaa kwenye jiwe, kikapu cha nguo miguuni. Mwenyekiti akaja amebeba chupa moja, mkewe akabeba nyingine.

"Mwalimu ametuletea chai!" mtu akapaza sauti.

"Ya maharage hiyo. Mandazi yako wapi?"

"Wa pwani hawa, hata chai wanaitia maneno."

Watu wakacheka, nami nikacheka nao. Nilimweleza katibu kata kilichomo ndani ya kila chupa na jinsi zilivyotunzwa. Akaniuliza iwapo niliziona tangu siku ile. Nikasema hapana. Akamuuliza mwenyekiti. Akasema kweli, hakuna aliyezigusa.

"Basi fungua wewe."

Mwenyekiti akatoa pamba ya chupa ya kwanza, ile ya maharage yaliyochemshwa. Akatia vidole viwili.

"Baridi," alisema. "Baridi kama maji ya mto."

Akaivuta pamba ya chupa ya pili. Akatia vidole. Akavitoa, akavifuta kwenye kanzu, akatia tena. Nilimwona mama mwenye nyumba amefumba macho.

"Vipi, ndugu?" katibu kata akauliza.

"Hii ina joto."

"Joto gani?"

"Tia mwenyewe."

Katibu kata akatia vidole, akatoa harage moja, akaliweka kwenye kiganja. Lilikuwa limetoa mzizi mweupe, mdogo kama jino la panya. Maana yake maharage yale yalikuwa hai, na yaliyokuwa ghalani huenda mengine yalikuwa bado hai pia.

"Ametia maji ya moto!" sauti ikatoka nyuma.

Mke wa mwenyekiti akageuka kama amechomwa. "Ametia saa ngapi? Chupa ilikuwa kabatini kwangu! Ufunguo mume wangu ameulalia mpaka una alama kwenye mbavu. Unataka kusema mimi ndiye niliyetia?"

Hakuna aliyetaka kusema hivyo.

Nikaeleza basi, kwa maneno niliyoyatumia darasani, habari ya meko na makaa na kigae. Kwamba kila harage lina meko yake ndani. Kwamba likiwa kavu meko yamefunikwa majivu, likilowa yanaamka. Katibu kata alinisikiliza vizuri, kisha akauliza swali ambalo nilikuwa naliogopa.

"Sawa, mwalimu. Yanapata joto yakilowa. Sasa nani ameyalowanisha? Paa linavuja?"

Paa halikuwa linavuja. Wote tulijua. Nilitazama uwanja. Sikujua, na kama mtunza ghala ndiye mwenye ufunguo, basi jibu lilikuwa linarudi palepale lilipoanzia. Mgambo mmoja alisogea karibu na jiwe.

Watu walikuwa wanatazama chini. Nilidhani wanamwonea aibu mama yule. Kisha mke wa mwenyekiti, chupa bado mkononi, akasema, bila kumtazama mtu:

"Debe letu lilikuwa bichi."

"Nyamaza," mumewe akasema.

"Sinyamazi. Lilikuwa bichi. Nilitoa shambani asubuhi nikapeleka mchana. Maharage mabichi yamevimba, debe linajaa upesi. Makavu yanataka mengi zaidi. Nikasema, debe ni debe, na debe moja bichi katikati ya madebe ya watu litadhuru nini?"

"Hata letu," akasema mzee mmoja, polepole. "Hatukulikausha sana."

"Sana?" mkewe akamdakia. "Hatukulikausha kabisa!"

Mtu akacheka kwa aibu. Mwingine akasema lao lilikuwa na umande tu. Mwingine akasema kama umande ni hivyo basi lao lilikuwa na mto. Na nikaona jambo ambalo hakuna hadubini ingenionyesha. Karibu kila kaya ilikuwa imefanya hesabu ileile ya siri jikoni kwake, kila moja ikiamini ni yenyewe tu. Lilikuwa lundo la madebe mabichi. Ndiyo sababu ilikuwa rahisi kwao kuamini dawa. Dawa ilikuwa ya mtu mmoja.

Mama mwenye nyumba wangu alisimama kutoka kwenye jiwe. Hakusema, "Nilijua," wala, "Sikuwaambia?" Alimwendea mwenyekiti, akanyoosha mkono.

"Ufunguo, ndugu mwenyekiti. Maharage yanakufa."

Alimpa.

Mlango ulipofunguliwa mvuke ulitupiga usoni. Sijawahi kuona watu wakifanya kazi hivyo. Chini ya mapaa ya baraza na madarasa tulitandaza mikeka, maturubai, mabati, madawati ya shule, hata mlango wa ghala ulioondolewa kwenye bawaba zake. Wanaume walichota kwa beleshi, wanawake kwa ungo, watoto kwa mikono. Juu na pembeni yalikuwa mazima. Katikati yalikuwa ya moto kiasi kwamba wachotaji walipokezana, yameshikana mabonge, yana nywele za ukungu wa kijivu. Hayo yalikuwa yamekwenda. Tukayatenga, na yalikuwa mengi, na kila bonge lililotupwa mtu aliguna.

Katibu kata alivua koti akachota na sisi. Mgambo pia. Hakuna aliyetamka tena habari ya Lushoto, na jioni walishuka bila mtu.

Yaliyobaki, kila mama alibeba sehemu akaipandisha kwenye uchaga wake. Baadaye mimi na wanafunzi tulifunga maharage machache ya kila nyumba kwenye kitambaa chenye maji, tukahesabu yaliyochipua, tukajua tupande ngapi kwa shimo. Vuli ile shamba la pamoja lilikuwa dogo kuliko lilivyopangwa. Lakini lilipandwa, na liliota.

Hakuna aliyemwomba radhi mama yule kwa maneno. Yule mwenye kigae alirudi kuomba kaa, akakaa muda mrefu kuliko inavyohitajika kuomba kaa. Mwenyekiti alileta kamba mpya ya ufunguo, ya ngozi, akaikabidhi bila hotuba, jambo ambalo kwake lilikuwa gumu. Mkewe alinilaumu kwa miaka kwamba chai yake inanukia maharage.

Siku ile ya kutandaza, mikono yetu ilipokuwa bado na joto, mama mwenye nyumba aliniuliza kitu akiwa ameinama kwenye mkeka.

"Mwalimu. Marehemu mume wangu nilimshika mkono alipokata roho. Ulikuwa wa moto, ukapoa kidogokidogo. Ndiyo hayo makaa?"

"Ndiyo hayo, mama. Yaliacha kubebwa."

Alitandaza maharage kwa kiganja, taratibu, kama anayenyoosha shuka. "Mimi nilidhani nimemtia baridi ya mikono yangu," alisema. "Miaka yote nimedhani hivyo."

Kisha akaokota bonge lililokuwa limetupwa upande wa mabovu, akalivunja, akatoa harage moja jekundu lililokuwa bado gumu, akalirudisha kwenye mkeka pamoja na mazima.